Nyumba na Malezi: Kipimo Si Hukumu



Sisi tukaao katika nyanda hizi za kati tuna deni kubwa kwa karanga. Mlenda wetu haunogi mpaka utiwe karanga zilizotwangwa, na mchicha vivyo hivyo. Uji wa mtoto anayeanza kula huungwa kwa karanga ili apate nguvu, na mgeni afikapo jioni husogezewa sahani ya karanga za kukaanga kabla hajaulizwa khabari za safari. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta yao, wakitaka kulima karanga kwa wingi usiokuwa na mfano wapate mafuta ya kupeleka kwao. Ardhi ikawashinda kwa ukame na kwa ugumu wake, na mwaka 1951 mpango ule ukaachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Lakini mkulima wa jembe la mkono hakuondoka shambani mwake, na karanga hazikuondoka chunguni mwetu.

Nayataja haya ili msomaji afahamu ni mtihani wa namna gani uliotufika nyumbani mwetu, tulipoambiwa kwamba mtoto wetu wa mwisho, aliyezaliwa katika mji huu wa Dodoma, asionje karanga hata punje moja.

Mtoto alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minne. Tulialikwa akika kwa jirani, na katika vitafunio palikuwa na kashata. Dada yake akampa kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Hazikupita dakika kumi mdomo ukaanza kuvimba, mabaka mekundu yakamtapakaa shingoni na tumboni, akatapika, kisha akaanza kukohoa kikohozi kikavu, na pumzi yake ikitoka kwa mluzi. Wanawake wakapiga kelele, na mama yangu mzazi akamtwaa mjukuu wake kifuani.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu ametiwa jicho. Watu ni wengi hapa, na kila mmoja alikuwa akimsifu kwa afya yake."

"Yawezekana, mama," nikamjibu, "lakini sasa twaenda kwa daktari. Dua tutaisoma njiani."

Tukapakia bajaji, naye mama akisoma njia nzima. Kituo cha afya hakikuwa mbali. Mwuguzi mmoja, mama wa makamo wa Kigogo, alimtazama mtoto mara moja tu, hakuuliza kadi wala jina. Akamlaza, akavuta dawa katika sindano, akamchoma ubavuni mwa paja. Ndipo aliposema, "Haya, mbukwenyi, sasa nielezeni amekula nini." Kabla robo saa haijatimia ule mluzi wa kifuani ulikuwa umelegea, na mtoto akaanza kulia kwa sauti yake aliyozoea. Sijapata kusikia kilio kilichonifurahisha kama kile. Wakamweka mpaka asubuhi chini ya uangalizi, kwa sababu maradhi haya yaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata baada ya kutulia.

Jina la maradhi hayo ni mzio, na wengine husema aleji. Neno hilo la kigeni lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet. Maana yake kwa ufupi ni hii. Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili askari wa kuulinda na vijidudu. Kwa baadhi ya watu askari hao hukosea, wakakiona chakula cha halali na kizuri kuwa ni adui. Huandaa silaha ambazo wataalamu huziita kingamwili za aina ya IgE, zilizogunduliwa katika miaka ya 1960 na mume na mke wa Kijapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Kimishige na Teruko Ishizaka, pamoja na wenzao wa Sweden. Chakula kile kikija tena askari hushambulia, na vita vyao huumiza mwili wenyewe. Ngozi huvimba, tumbo husokota, koo na njia za pumzi hubana, na shambulio likizidi hata mpigo wa damu hushuka, mtu akazimia na pengine akafa. Vyakula viletavyo khatari hii mara nyingi ni vichache: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, jamii ya korosho na lozi, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta.

Basi hapo ndipo yalipoanza makosa yangu mimi, na nayaandika hapa bila ya kujificha, kwa kuwa huenda yakamfaa mzazi mwingine.

Khofu ilinishika. Kila nilipofumba macho nilisikia ule mluzi. Mwuguzi alitwambia tuache karanga, turudi kliniki kwa rufaa, na tusiondoe chakula kingine chochote mpaka daktari aseme. Nikaona hayo ni machache. Nikampeleka mtoto katika maabara moja ya kulipia, ambayo sina haja ya kuitaja, wakamtoa damu, na baada ya siku chache nikapewa karatasi yenye majina ya vyakula vingi, mbele ya kila kimoja tarakimu na alama. Hapakuwa na daktari wa kuifafanua. Nilihesabu alama: karanga, korosho, maziwa, mayai, samaki, maharage, ngano. Nikarudi nyumbani kama kadhi aliyebeba hukumu, nikamwambia mama watoto, "Vyote hivi marufuku."

"Lakini maziwa anakunywa tangu alipoachishwa ziwa," akasema mke wangu. "Na yai jana tu amekula."

"Kwani wewe wajua kuliko karatasi?" nikamjibu. Mwenyezi Mungu anisamehe kwa jibu lile.

Kwa miezi minne mtoto aliishi kwa ugali, mboga za majani, wali na matunda. Tulijiona wazazi hodari. Ikafika siku ya kupima uzito kliniki. Mwuguzi akamning'iniza katika mizani, akatia nukta katika kadi, akaziunganisha nukta kwa mstari, kisha akaigeuza kadi tuione. Mstari uliokuwa ukipanda tangu kuzaliwa ulikuwa umelala, na sasa ulikuwa ukiinama.

"Baba, huyu mtoto ana ugonjwa gani?"

"Hana ugonjwa, twamkinga tu."

"Mwamkinga na nini? Na chakula?"

Sikupata jawabu. Nilitazama mikono ya mtoto iliyokuwa imenenepa siku ile ya akika, nikaona jinsi ilivyopungua mbele ya macho yangu nami nisione. Mama yangu alikuwa ameketi nyuma yetu kwenye benchi. Hakusema neno, na kimya chake kilinikata kuliko maneno.

Tukapewa barua ya rufaa. Yafaa msomaji aijue ngazi hii, maana wengi huiruka kisha wakalalamika: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali za kanda na za taifa. Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini, na upande wa Chuo Kikuu ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Sisi tulipanda ngazi hiyo mpaka kwa bingwa wa watoto huko Dar es Salaam, kwa garimoshi la umeme lililoanza safari za Dodoma mwaka 2024. Safari iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi sasa huisha kabla mtoto hajachoka kuuliza, "Tumefika?"

Safari ya kwanza tulirudi mikono mitupu. Juzi yake mtoto alikuwa na mafua, nasi tukampa dawa ile ya mafua na miwasho ambayo kila nyumba inayo kabatini. Hatukuambiwa na mtu kwamba dawa za jamii hiyo huzima alama za kipimo cha ngozi, na kwamba yapasa ziachwe siku kadhaa kabla ya kupimwa, kwa agizo la daktari. Nauli ikaenda, siku ya kazi ikaenda. Basi ewe mzazi, ukipewa siku ya kupimwa, uliza siku hiyo hiyo: "Dawa gani tuziache, na tangu lini?" Lakini kama mtoto ana pumu, dawa yake ya pumu usiikatize kwa rai yako mwenyewe.

Safari ya pili daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya taratibu, hakuanza na sindano. Alianza na maswali, akatuuliza karibu saa nzima. Alikula nini? Kiasi gani? Dakika ngapi zilipita? Alitapika mara ngapi? Je, kabla ya siku ile alipata kula karanga katika mboga? Yai amewahi kula, na baada yake ikawaje? Mke wangu akatoa daftari. Mimi sikujua kuwa analo. Tangu siku ile ya akika alikuwa akiandika kila chakula, saa yake na hali ya mtoto, na kurasa za mbele alikuwa ameandika kwa kukumbuka yote aliyokula kabla ya maradhi. Daktari akalisoma kimya, kisha akanigeukia akasema, "Baba, daftari hili la mama lina thamani kuliko ile karatasi yako."

Kisha akatufafanulia jambo ambalo nataka kila msomaji alishike. Kipimo cha damu au cha ngozi huonyesha kwamba askari wa mwili wamekitambua chakula fulani, lakini hakionyeshi kwamba watashambulia. Wapo watoto wengi wenye alama katika karatasi na hula chakula hicho kila siku bila ya dhara lolote. Na katika Afrika yetu ipo sababu ya ziada. Wataalamu waliwapima watoto wa shule huko Ghana, wakaona kwamba wengi walikuwa na kingamwili za karanga katika damu, lakini waliopimwa kwa ngozi na kuonyesha alama walikuwa wachache mno. Walipochunguza wakaona kwamba minyoo ya kichocho ina vitu vinavyofanana na vilivyomo katika karanga, na mwili uliopigana na kichocho hutoa silaha zinazoisumbua maabara bila ya kumdhuru mtoto. Basi anayepima damu bila ya kuuliza khabari ya mtoto huenda akawa amepima minyoo, akakataza chakula.

Baada ya hapo ndipo alipopima. Mtoto alipakatwa na mama yake. Daktari akaandika namba kwa kalamu katika mkono, tangu kiwiko mpaka kiganja, akatia tone moja moja la maji ya kila chakula, kisha akachoma kidogo juu ya kila tone kwa kincha chembamba, kiasi cha kukwaruza ngozi, damu haitoki. Matone mawili hayakuwa ya chakula. Moja ni la maji ya chumvi ambalo halipaswi kufanya kitu, na la pili ni la dawa iitwayo histamini ambayo lazima ivimbishe. Hayo ndiyo mashahidi wa kipimo: la kwanza likivimba, au la pili lisipovimba, kipimo hakiaminiki. Tukangoja dakika kumi na tano. Mtoto alilia kidogo mwanzoni, kisha akashughulika kuhesabu namba alizoandikwa, kwa kuwa dada yake alikuwa amekwisha kumfundisha mpaka tano.

Daktari akapima uvimbe kwa rula. Uvimbe unaozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi ndio unaohesabiwa. Karanga zilikuwa zimevimba milimita 9, na mwasho wake ulimfanya mtoto ajikune mpaka begani. Korosho 3. Yai 3. Maziwa, samaki, ngano na maharage havikufanya kitu.

"Karanga," akasema daktari, "khabari yake na kipimo chake vyakubaliana. Hizi aziache. Maziwa, samaki, ngano na maharage mmeviondoa bure. Yai amekula zaidi ya mwaka bila ya kudhurika, na ushahidi wa mwili wake ni mkubwa kuliko milimita 3, ila kwa kuwa mmemwachisha miezi mingi, la kwanza atalila hapa mbele yetu. Korosho hajapata kuila, basi hapo nina shaka, na shaka huondolewa kwa kumlisha."

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini hicho ndicho kipimo cha mwisho na cha kweli kuliko vyote: mtoto hulishwa hospitalini chakula kinachoshukiwa, kuanzia chembe ndogo, kisha huzidishwa kidogo kidogo kwa vipindi, huku wauguzi wakimtazama na dawa ya dharura ikiwa tayari kando yake. Kisha hungojwa saa kadhaa. Nasema hospitalini, na narudia hospitalini. Mtu asithubutu kuyafanya haya jikoni kwake kwa kusoma ukurasa huu.

Siku hiyo tulipoitwa, daktari alisaga korosho, akachukua kiasi cha ncha ya kijiko, akachanganya na ndizi iliyopondwa. Mke wangu alishika tasbihi. Mimi nilitazama saa ya ukutani, nikautazama mdomo wa mtoto, nikairudia saa. Akala. Tukangoja. Akala tena, kiasi mara mbili ya kwanza. Tukangoja. Ilipokaribia adhuhuri alikuwa amekula korosho za kujaa kiganja chake kidogo, akauliza kama zipo nyingine. Daktari akacheka. Nikatoka nje ya mlango, nikageukia ukuta, na wala sioni haya kusema kwamba nililia.

Tukarudi Dodoma na chakula cha mtoto wetu. Maziwa ya mgando yakarudi mezani, samaki wa Mtera akarudi, na chapati za asubuhi zikarudi. Baada ya miezi mitatu kadi ya kliniki ilionyesha mstari unaopanda.

Sasa ndugu zangu, yapo mambo ambayo yanipasa niyaseme wazi ili mtu asichukue kisa hiki akakifanya sababu ya madhara mengine.

Jambo la kwanza, mtu asiwaondolee karanga watoto wake wazima kwa khofu. Mwaka 2015 wataalamu wa London wakiongozwa na Gideon Lack walitangaza uchunguzi wa watoto wachanga 640 waliokuwa katika khatari ya kupata mzio, ambao ama walikuwa na ukurutu mkali wa ngozi ama walidhuriwa na mayai. Nusu waliepushwa na karanga, na nusu walilishwa kila wiki tangu uchanga. Walipofika miaka mitano, katika walioepushwa zaidi ya 17 katika kila mia walikuwa na mzio wa karanga, na katika waliolishwa ni 3 tu. Basi bibi zetu waliotia karanga zilizosagwa katika uji wa mtoto aliyefikia umri wa kula hawakukosea. Ila mtoto mwenye ukurutu mkali au aliyekwisha kudhuriwa na mayai, mzazi amwulize daktari kwanza. Na punje nzima asipewe mtoto mdogo hata akiwa mzima, kwa kuwa yaweza kumkwama kooni.

Jambo la pili, maradhi haya si ya Wazungu peke yao. Huko Afrika ya Kusini wataalamu waliwachunguza watoto wadogo wa mjini Cape Town na wa vijijini katika Rasi ya Mashariki. Wenye mzio wa chakula uliothibitishwa kwa kulishwa walikuwa kama 2.5 katika mia mjini, na 0.5 katika mia vijijini. Ni wachache, lakini wapo, na miji yetu inakua.

Jambo la tatu, tusichanganye mzio na sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya ukungu, na karanga nazo huingiwa na sumu hiyo zikihifadhiwa zikiwa mbichi au penye unyevu. Ile ni sumu, humdhuru kila aliyeila, na dawa yake ni kukausha vizuri, kuchambua na kutupa zilizooza. Mzio ni mwingine kabisa: karanga ni safi, wenzake wote wamekula wakashiba, na mmoja huyo tu ndiye aliyedhurika.

Jambo la nne ni la kuokoa roho. Mtoto akivimba mdomo na mabaka baada ya kula, kisha akabanwa na pumzi, au akatapika mfululizo, au akalegea, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini ya pajani, na haingojwi. Vidonge na maji ya dawa ya miwasho hupunguza mabaka, lakini havifungui koo wala haviinui mpigo wa damu. Mlaze chali na miguu iinuliwe, na kama pumzi inambana mwache akae, lakini usimsimamishe wala usimtembeze. Adrenalini ni dawa ya miaka mingi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Basi mwenye mtoto wa namna hii na aende mapema, siku ya amani, katika kituo kilicho karibu naye, aulize: "Mnayo? Na usiku nani yupo?" Ajue pia ni bodaboda au bajaji ya nani itakayomchukua usiku. Na kama daktari ameagiza sindano ya kukaa nyumbani, kila mtu mzima wa nyumba ile afundishwe kuitumia.

Jambo la tano, karanga hujificha. Zimo katika unga wa lishe unaouzwa umekwisha kuchanganywa, zimo katika kashata, katika michuzi, na katika mafuta yaliyokaangiwa karanga kisha yakakaangiwa viazi. Na kile chakula dawa cha pakiti wanachopewa watoto waliodhoofu hutengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Mtoto wetu alipopungua uzito huenda angalipewa hicho kwa nia njema kabisa, lau mke wangu asingalisema. Basi iandikwe juu ya kadi ya kliniki, kwa wino mwekundu na herufi kubwa: KARANGA ZAMDHURU.

Yabaki lililo gumu kuliko hospitali, nalo ni ujirani. Sisi ni watu wa sahani kuvuka ua. Ramadhani futari hutoka nyumba hii ikaingia ile, na Sikukuu watoto hupita mlango kwa mlango wakajaziwa mikono. Kumkatalia jirani chakula chake huonekana ni kiburi. Mwanzoni tulimfungia mtoto ndani siku za furaha, akawa akichungulia dirishani wenzake wakipita na nguo mpya. Nikaona kwamba kumlinda huko ni kumwumiza kwingine.

Aliyetufungulia njia ni mama yangu, yule yule aliyesema ni jicho. Alikwenda kwa majirani mmoja mmoja, akiwa na mkongojo wake, akaketi akanywa chai, kisha akasema, "Mjukuu wangu karanga humfunga pumzi. Nimeona kwa macho yangu. Mkipika na karanga nambieni tu, hatutaona vibaya." Hakuna aliyekasirika. Idi iliyofuata nyumba ya pili kutoka kwetu walimwekea tende kando, katika kisahani chenye kifuniko. Mwalimu wa madrasa naye aliambiwa, akawakataza watoto kubadilishana vitafunio pasipo ruhusa. Na mtoto mwenyewe, ambaye sasa ana miaka minne, bibi yake amemfundisha kusema akipewa kitu: "Ahsante, shangazi. Kina karanga?" Hulisema kwa adabu, na hungoja jawabu kabla ya kunyosha mkono.

Siku moja nilimwuliza mama, "Je, bado wasema ni jicho?"

"Mwanangu," akasema, "mimi husoma dua ya jicho, na husoma dua ya karanga. Lakini sindano i wapi? Hilo ndilo ninaloliuliza kwanza asubuhi."

Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai hupona wakikua, na katika wenye mzio wa karanga hupona kama mmoja katika watano. Kila mwaka tutampeleka apimwe tena. Huenda akawa katika hao, huenda asiwe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kujitibu na kisha kumtegemea Yeye, na hatuoni kwamba moja lavunja jingine. Mtoto ni amana. Mwenye amana haimpasi kuilinda kwa khofu mpaka akaiua kwa njaa, wala kuiacha kwa kusema yaliyoandikwa yameandikwa. Aulize wenye elimu, asikilize mwenzake wa nyumbani, na aandike katika daftari.